Rusha Kwanza Ndege ya Mwenzako, Ndipo Yako

Ndege ya kujijengea huchukua miaka kukamilika, kisha siku moja iko tayari. Miaka ya kukata bati za alumini, kupiga riveti na kusubiri makasha yapite forodha ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Halafu ndani ya mwezi mmoja moteri inawaka, karatasi zinatoka, na kila anayepita karibu na hanga anauliza: inaruka lini? Hapo ndipo hatari kubwa ilipo. Aliyeijenga amekuwa fundi kwa miaka yote hiyo. Urubani wake umelala, kwa sababu pesa na wikendi zote zimeishia hangani.

Kwa hiyo tuanze na jambo ambalo mengine yote yanatokana nalo: safari ya kwanza ya ndege mpya ni ya kuipima ndege. Moteri yake haijawahi kuvuta ikiwa hewani, kipimo cha kasi hakijathibitishwa, trimu, kifaa cha kusawazisha usukani, huenda ikavuta upande, esansi huenda isishuke vizuri pua ikiinuka. Anayekabili maswali hayo yote asiwe na swali hata moja kuhusu mikono yake mwenyewe. Awe anajua aina ile ya ndege inavyopaa, inavyozama gazi, yaani mkono wa kuongeza nguvu ya moteri, ikikatwa, na inavyotua. Hayo huyapati kwa kukaa ndani ya ndege yako hangani ukigusagusa swichi. Unayapata kwa kurusha nyingine ya aina hiyohiyo, iliyokwisha kuzoeleka, pembeni yako akiwa mwalimu anayeijua.

Mwaka 2012 bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri, NTSB, ilitoa uchunguzi wake juu ya ndege za kujijengea, ikizitazama kwa karibu ajali za mwaka 2011. Vyanzo viwili vilitangulia: moteri kushindwa, na rubani kupoteza udhibiti angani. Ajali nyingi zilitokea mapema katika maisha ya ndege. Na zaidi ya nusu ya ajali zilizochunguzwa mwaka huo zilihusu ndege zilizonunuliwa zikiwa zimekwisha kutumika. Kwa hiyo anayenunua Zenith au RV, aina mbili maarufu za ndege za kujijengea, iliyojengwa na mwingine, akafikiri kwamba kwa sababu imesharuka miaka mitano basi hahitaji mafunzo, ajue kwamba maneno haya yanamhusu kuliko mtu yeyote.

Mfano unaojulikana duniani kote ni wa mwanamuziki John Denver, aliyefariki tarehe 12 Oktoba 1997 kwenye pwani ya California akirusha Long-EZ, ndege ya kujijengea aliyokuwa amenunua muda mfupi tu kabla. Alikuwa rubani mwenye uzoefu wa saa zaidi ya 2,700. Katika ndege ile, mjenzi alikuwa ameweka robine ya kubadilisha tangi la esansi nyuma ya bega la kushoto la rubani, mahali usipopafikia bila kugeuza mwili. Esansi ilikuwa kidogo. NTSB ilihitimisha kwamba alipogeuka kuitafuta robine alikanyaga pedali ya kulia bila kukusudia, akapoteza udhibiti. Na kati ya mambo yaliyochangia ikataja mafunzo yasiyotosha ya kuizoea ndege hiyo. Saa zote zile hazikuwa zimemfundisha mguu wake unafanya nini mwili ukigeuka katika kiti kile.

Hapa kwetu Lubumbashi swali hili lina sura yake. Marubani wengi wa Katanga wenye saa nyingi wamezipata kwenye Caravan, Cessna 206 au ndege za kukodi zinazopeleka watu na mizigo migodini. Ni marubani hodari. Lakini Caravan iliyojaa ina uzito wa karibu tani 4, na Zenith CH 701 iliyojaa ni kilo 500. Kumtoa mtu kwenye ile kumpeleka kwenye hii bila mafunzo ni sawa na kumshusha dereva wa lori la mgodi na kumpa pikipiki. Caravan ukiikata gazi inaendelea kuteleza, inakupa muda wa kufikiri. CH 701 ina bawa nene, vibawa vya mbele vilivyokazwa, magurudumu makubwa na nguzo nje: vyote hivyo vinashika hewa, na ndege yenyewe haina uzito wa kuisukuma mbele. Moteri ikizimika ikiwa katika kupaa, kasi inakufa ndani ya sekunde chache. Pua lazima ishuke papo hapo, tena ishuke zaidi ya vile macho yanavyokubali. Rubani wa Caravan anasubiri kidogo, kama alivyozoea, na kusubiri huko ndiko kunakomwangusha.

RV ni kinyume chake. Ni nyepesi mkononi, inajibu vidole viwili, haipotezi kasi kirahisi. Aliyezoea kuvuta usukani wa Cessna kwa mkono mzima anaanza kuirusha pua juu na chini, anasahihisha, anazidisha, na pale karibu na ardhi anagonga gurudumu la pua. Mamlaka ya Marekani, FAA, ina waraka wa ushauri nambari 90-109 unaozigawa ndege hizi kwa tabia: zile nyepesi zinazoshika hewa sana, zile zinazoteleza, zile zenye usukani mwepesi, zile zenye umbo lisilo la kawaida. Usome ule waraka ukiwa na karatasi na kalamu, uandike ndege yako iko kundi gani na ile uliyozoea iko kundi gani. Umbali kati ya makundi hayo mawili ndio kiasi cha mafunzo unachohitaji.

Kuchagua ndege ya kujifunzia

Bora kabisa ni aina ileile, moteri ileile, propela ya aina ileile na mpangilio uleule wa magurudumu. Ukikosa vyote, usiachie hivi viwili: magurudumu na tabia ya kuzama. Kama yako ina gurudumu la mkia, mafunzo kwenye yenye gurudumu la pua hayatoshi hata yakiwa marefu vipi, kwa sababu ndege ya gurudumu la mkia hugeuka yenyewe chini ukiilegezea pedali, na mguu hujifunza hilo kwa kutenda tu. Unaweza kuanza na Super Cub au Citabria, ndege zenye gurudumu la mkia, kwa ajili ya miguu, kisha ukamalizia na ndege inayofanana na yako kwa ajili ya mengine.

Angalia pia vitu vinavyoonekana vidogo. Fimbo ya usukani iko katikati ya viti viwili, kama kwenye Zenith nyingi, au kila mtu ana yake? Gazi inashikwa kwa mkono wa kulia au wa kushoto? Breki ziko kwenye ncha za pedali au ni mkono mmoja wa kuvuta? Trimu ni gurudumu au ni kitufe cha umeme? Mkono uliozoea kushoto ukilazimika kwenda kulia wakati wa hofu, unakwenda kushoto.

Moteri nayo ni somo kamili. Wengi wanaojenga ndege ndogo leo wanaweka Rotax 912 ULS ya nguvu-farasi 100, na aliyekulia kwenye moteri za Lycoming ana mazoea ya kuacha. Rotax haina mkono wa kupunguza mchanganyiko wa esansi na hewa. Kabureta zake mbili zinajirekebisha kwa kiasi fulani kadiri unavyopanda. Inazunguka haraka: 5,800 kwa dakika ndiyo ya juu kabisa, kwa dakika 5 tu, na 5,500 ndiyo ya kuendelea nayo. Sikio la mtu wa Lycoming linasikia moteri inalia, mkono unarudisha gazi, na ndege inaacha kupanda juu ya miti. Kabla ya kupima oili unazungusha propela kwa mkono, kwa mwelekeo wake wa kawaida, swichi za cheche zikiwa zimezimwa, mpaka usikie tangi la oili linagugumia; ukipima bila kufanya hivyo utaona oili pungufu, utaongeza, na utakuwa umezidisha. Oili ifike digrii 50 kabla ya kupaa. Cheche hupimwa kwenye mizunguko 4,000 kwa kuzima upande mmoja baada ya mwingine, kushuka kusizidi 300 kwa kila upande, na tofauti ya pande mbili isizidi 115. Mambo haya yote yawe mkononi kabla hujakabidhiwa ndege mpya.

Wapi? Hapa mjini kupata ndege ya viti viwili ya aina yako yenye mwalimu ni bahati. Njia ya kawaida ni kusafiri, na Afrika Kusini ndiyo nchi ya karibu yenye ndege nyingi za kujijengea. Ndege za Sling zenyewe zinatengenezwa pale Tedderfield, kusini mwa Johannesburg. Tunasisitiza jambo moja: nenda Johannesburg, usiende pwani. Uwanja wa Rand uko futi 5,483 juu ya bahari, Lanseria futi 4,517. Luano, uwanja wetu wa Lubumbashi, iko futi 4,295. Hewa utakayojifunzia inafanana na hewa utakayorukia. Mafunzo ya Cape Town, karibu na usawa wa bahari, yatakufundisha ndege nyingine kabisa yenye rangi sawa na yako.

Kabla ya kununua tiketi, tuma shuleni leseni yako na cheti cha afya, uulize watahitaji karatasi gani na zinachukua siku ngapi. Uliza pia lugha. Kama umejifunza urubani kwa Kifaransa na mwalimu anazungumza Kiingereza, mpatane chini kabisa, kabla ya kuwasha moteri, maneno ya kupokezana usukani: anayepokea anasema, anayeachia anarudia, anayepokea anathibitisha. Mara tatu, kila wakati. Watu wawili wanaodhani kila mmoja kwamba mwenzake ndiye ameshika fimbo ni ajali, hata kama wote ni mabingwa.

Hewa ya Luano

Huu ndio moyo wa jambo kwa yeyote anayerukia Katanga, na ndio unaosahaulika.

Kwa urefu wa Luano, joto la kawaida la vitabu ni kama digrii 6 na nusu. Kila digrii inayozidi hapo inaipeleka ndege yako futi kama 120 juu zaidi, kwa maana ya uzito wa hewa. Asubuhi ya Juni, kipimo kikisoma digrii 10, ndege inahisi iko futi 4,700. Alasiri ya Oktoba, digrii 32, inahisi iko futi 7,300 na zaidi, ingawa magurudumu yako kwenye lami ileile. Moteri isiyo na tabo inakuwa imepoteza zaidi ya moja ya tano ya nguvu yake kabla hujaiachia breki. Propela inashika hewa nyepesi, bawa nalo linashika hewa nyepesi. Hasara tatu kwa pamoja.

Halafu kuna macho. Kipimo kikikuonyesha noti 60, yaani maili 60 za bahari kwa saa, kwenye hewa ile ya Oktoba, kasi yako halisi ni kama noti 67. Bawa halijali, lenyewe linaongozwa na kinachosomwa kwenye kipimo. Lakini macho yanaona ardhi inakimbia, na rubani aliyejifunza pwani anahisi anakuja mbio mno, anavuta fimbo kidogo, tena kidogo, mpaka bawa linaacha kubeba. Wengi hapa tunaita dekrosaji. Ikitokea kwenye futi 50 hakuna kinachoweza kufanywa. Mafunzo yaliyofanyika juu ya hewa nyembamba yanayafundisha macho kukaa kimya na kukiamini kipimo. Na magurudumu yakigusa, nguvu unayopaswa kuimaliza kwa breki ni karibu robo zaidi kuliko pwani kwa namba ileile ya kipimo. Usishangae ndege inapokwenda mbali.

Wenye Lycoming wana jambo la ziada. Aliyejifunza chini kabisa amefundishwa kuusukuma mkono wa mchanganyiko mpaka mwisho kabla ya kupaa. Hapa kwetu, ukifanya hivyo siku ya joto, moteri inazama kwa esansi nyingi, inatetemeka na kukosa nguvu ambayo tayari ni haba. Mwalimu akufundishe kuongeza gazi ndege ikiwa imesimama, kisha kupunguza esansi taratibu mpaka mizunguko ifike kileleni, na kurudisha kidogo, ukifuata kitabu cha moteri yako. Ulifanye mpaka liwe tabia.

Kwa hiyo majira ya kurukia mara ya kwanza yanajipanga yenyewe: kuanzia Mei mpaka Julai, saa kumi na mbili na nusu au saa moja asubuhi. Hewa ni nzito, upepo umelala, mvua imekwisha. Kuanzia Agosti moshi wa moto wa porini unafunika upeo wa macho, na rubani anayetafuta usawa wa pua kwa upeo huo anaukosa. Rudi nyuma kutoka hapo, utaona mafunzo yanapaswa kuwa lini: ndani ya siku 30 kabla ya safari ya kwanza, na wiki moja ni bora kuliko tatu. Kujifunza Januari ili uruke Juni ni kutupa pesa.

Yanayofanyika hewani

Kwanza amsha urubani wa kawaida. Kama hujaruka kwa miezi, lipa saa kadhaa kwenye Cessna hapa nyumbani, na mwalimu, mpaka mizunguko ya kiwanja na kuzungumza na mnara vikurudie bila jasho. Usizipeleke Johannesburg kutu zako. Saa ya ndege ya mafunzo ni ghali na ina kazi nyingine.

Kule, kwa ndege rahisi yenye gurudumu la pua, panga kutumia saa 5 mpaka 10. Kwa ya mkia, kama hujawahi kuirusha, 10 ndiyo mwanzo. Lakini usihesabu saa, hesabu unachoweza. Tungemwambia mtu amemaliza pale anapotua mara tano mfululizo ndani ya mita 150 kutoka mahali alipotaja mapema, mwalimu akiwa hajasema neno wala kugusa kitu.

Safari ya mwanzo ipande mpaka futi 3,000 juu ya ardhi, na ikae huko. Ruka polepole, flapu, vile vibawa vya nyuma ya bawa, zikiwa juu, kisha nusu, kisha zote. Fikia dekrosaji ukiwa umenyooka, kisha ukiwa unageuka, kisha gazi ikiwa imefunguliwa. Sikiliza ndege inasema nini kabla: nyingine hutikisa fimbo, nyingine hukaa kimya na kuangusha bawa moja. Usishindane na bawa hilo kwa fimbo ya pembeni; shusha pua, miguu iweke katikati kimpira cha kipimo kinachoonyesha ndege ikiteleza upande. Baadaye mwalimu afunike kipimo cha kasi kwa karatasi. Hili ndilo zoezi tunalolithamini kuliko yote, kwa sababu kipimo cha ndege yako mpya kinaweza kusema uongo siku ile ya kwanza: bomba lake linaweza kuvuja mahali fulani nyuma ya dashibodi, au tundu la hewa tuli limewekwa pabaya ubavuni. Ukijua kwamba pua ikiwa hapa na gazi ikiwa hapa ndege inakwenda vizuri, utarudi chini bila kipimo. Andika namba hizo: mizunguko ya moteri na mahali upeo wa macho unapokata kioo, kwa kupanda, kwa kwenda sawa, kwa kushuka, na kwa mstari wa mwisho wa kuja kutua.

Hapa pana mtego wa vipimo vyenyewe. Vipimo vingi vya kasi vilivyokuja na ndege za Marekani vinasoma maili za nchi kavu kwa saa, na vingine vya Ulaya vinasoma kilomita. Ukijifunza kuja kutua kwa noti 60, ukarudi nyumbani kwenye kipimo cha maili na kuishika 60, kwa kweli unaruka kwa noti 52. Kwenye ndege nyingi ndogo, noti 8 hizo ndizo akiba yote uliyokuwa nayo. Ukigundua tofauti hiyo mapema, badilisha kipimo au chora alama mpya kwenye kioo chake. Usitegemee kufanya hesabu kichwani.

Mizunguko ya kiwanja inafuata, na kila wa tatu uishie kwa kurudi juu badala ya kutua. Kurudi juu baada ya ndege kudunda ni kitu cha kufanya mara nyingi, kwa sababu kudunda siku ya kwanza kuna uwezekano mkubwa, na kosa linaloua pua ni kusukuma fimbo mbele ili kuibandika ndege chini. Gazi yote, pua isawazishwe, acha ipande, zunguka tena. Tua bila flapu. Tua na trimu ikiwa imewekwa vibaya makusudi, ili ujue mkono wako utabeba uzito gani. Kifuniko cha kioo kikifunguka angani, na kwa ndege hizi hufunguka, kelele na upepo vinatisha, lakini karibu kila aina inaruka hivyo. Wanaoanguka ni wale wanaoacha kurusha ndege ili wakifunge. Mwalimu azungumzie aina yako inafanyaje, kasi gani inaitulia.

Moteri kuzimika baada ya kupaa inahitaji siku yake. Mkiwa juu sana, panda kwa kasi ya kupaa, mwalimu akate gazi, nawe hesabu sekunde nne bila kufanya lolote, maana hizo ndizo sekunde ambazo mtu hushangaa. Kisha shusha pua, geuka kama unayerudi kiwanjani, na usome umepoteza futi ngapi. Kumbuka kwamba kurudi kwenye lami uliyotoka hakuishii kwenye nusu duara. Unageuka zaidi ya hapo na kurudi tena kidogo ili uwe kwenye mstari. Namba utakayoipata iongeze nusu yake. Chini ya hapo, hugeuki, unakwenda mbele.

Na mbele ya Luano kuna nini? Kwanza kuna lami yenyewe. Ina zaidi ya mita 3,000, na ndege ndogo iliyofika futi 300 bado ina nafasi kubwa ya kushuka moja kwa moja mbele yake. Hiyo ni neema kubwa, na ni sababu ya kuanzia mwanzo kabisa wa lami, si kuingilia katikati ili kuokoa mafuta ya kutembea. Baada ya lami ni miombo, na uwazi wa nyasi unaoonekana kutoka juu ni mzuri kwa macho tu. Katikati ya nyasi hizo kuna vichuguu, vile vikubwa vya Katanga vinavyompita mtu urefu mara mbili na zaidi, vingine vikiwa na miti juu yake. Jua likiwa utosini kivuli chao hakionekani. Tembea kwa miguu au kwa gari pande zote mbili za kiwanja, chagua mashamba na barabara, piga picha, na uweke alama kwenye ramani. Asubuhi mapema, jua likiwa chini, utaviona vichuguu kwa vivuli vyake virefu. Ni sababu nyingine ya kuruka saa hizo.

Wengine hudhani kwamba kukimbiza ndege yao kwenye lami bila kuruka kunaweza kuchukua nafasi ya mafunzo. Hakuwezi. Ndege nyepesi ikifika karibu na kasi ya kupaa inataka kuruka, na upepo kidogo unainyanyua na rubani ambaye hakuwa na nia hiyo. Breki zinapata moto, gurudumu la pua linatikisika. Kimbiza polepole, uthibitishe breki na pedali, basi.

Mkirudi Lubumbashi

Ruhusa ya kuruka inatoka kwa mamlaka ya anga, AAC, na mnara wa Luano uko chini ya RVA, shirika la serikali linaloendesha viwanja vya ndege. Nenda uzungumze na waongozaji siku kabla. Waeleze kwamba ni safari ya kwanza, kwamba utabaki juu ya kiwanja, kwamba huenda ukaomba kutua bila kungoja, na uwaulize saa gani hakuna ndege za abiria. Wakijua mapema, hawatakuweka nyuma ya ndege kubwa inayoacha msukosuko wa hewa.

Kuna anayesema: nitamwachia rubani mwenye uzoefu wa aina hii arushe kwa mara ya kwanza. Ni uamuzi mzuri, na kwa mtu ambaye mafunzo yake hayakufikia kile kipimo cha mara tano, ndio uamuzi tunaoutetea kwa nguvu. Lakini haukufutii mafunzo. Ndege ikishapimwa na mwingine bado ni mpya kwako, na NTSB imeonyesha kwamba wamiliki wapya wanaanguka kwenye ndege zinazoruka vizuri. Huko Marekani, tangu mwaka 2014, FAA inaruhusu kwa masharti rubani wa pili mwenye sifa kuwemo katika safari za majaribio. Usichukulie kwamba ruhusa hiyo inakufuata hapa. Muulize mkaguzi, na kama hajakubali kwa maandishi, kiti cha pili kiwe tupu.

Karatasi ya kwenye paja iwe na namba chache zilizoandikwa kwa kalamu nene: kasi ya kupanda, kasi ya kuteleza bila moteri, kasi ya mstari wa mwisho, urefu ambao chini yake hugeuki, mizunguko ya chini kabisa unayopaswa kuiona gazi ikiwa yote, na joto la oili. Namba hizi zimetoka kwenye ndege ya mafunzo, zikarekebishwa kwa uzito wa yako. Kama moteri haifikishi mizunguko ile ndani ya theluthi ya kwanza ya lami, kata gazi. Esansi iwe ya kutosha saa mbili, imechujwa, na tangi likiwa limetolewa maji chini kabisa. Kama unatumia esansi ya magari kwenye 912 ULS iwe na oktani 95 au zaidi, na ndege isiachwe juani kabla ya kupaa, kwa sababu kwa urefu huu esansi ya magari huchemka ndani ya mabomba yenye joto na moteri hukatika ghafla.

Karatasi za AAC zikichelewa na siku 30 zikapita, mafunzo yamechakaa. Tafuta angalau saa mbili nyingine kwenye ndege inayofanana, ukianza na dekrosaji na kumaliza na kutua bila kipimo. Zikichelewa mpaka Oktoba, funika ndege, washa moteri kila wiki mbili mpaka oili ipate moto sawasawa, na uandikie shule ya Johannesburg uombe nafasi ya Mei.